Mlingoti wa Mita 10

Anayepata leseni ya redio ya ridhaa huanza kwa kuulizia bei ya redio, na haupiti muda mrefu swali linahamia juu ya paa: mnara uwe mrefu kiasi gani? Swali ni la haki, ila limeanzia mwisho. Yako mawili yanayolitangulia: unataka kuzungumza na nani, na ni nani atakayepanda huko juu kila mwaka kukaza nati na kuangalia kutu. Mtu akiyajibu hayo bila kujidanganya, kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki jibu huangukia karibu na mita 10. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na nitaonyesha pia mahali ambapo mita 10 hazitoshi.

Redio yenyewe siku hizi hufika ikiwa imefungwa ndani ya boksi, na ikiharibika wachache sana wanaweza kuifungua na kuitengeneza. Antena ni habari nyingine. Inatengenezwa kwa waya, kamba, bomba na akili, na aliyeitengeneza anaweza kuipima, kuikata na kuirudia mpaka ifanye kazi. Wati 100 zilizopelekwa kwenye antena mbovu zinaishia kupasha moto kebo na udongo. Wati 5 kwenye waya uliokaa vizuri zimewahi kuvuka bahari mara nyingi. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo asisikitikie redio ndogo. Fedha na muda wake aviweke nje ya nyumba.

Msingi wa hesabu ni mwepesi. Urefu wa wimbi kwa mita ni 300 ukigawa kwa masafa kwa megahezi. Antena ya nusu wimbi, ambayo ndiyo mama wa antena zote za waya, hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa hayo. Kwa megahezi 7.1 unapata mita 20.1 za waya, yaani mita 10 na kidogo kila upande wa katikati. Kwa megahezi 14.2 ni mita 10.1, na kwa 28.4 ni mita 5. Kebo inaungwa katikati. Ukinzani wa antena hiyo ikiwa mbali na ardhi ni omu 73 hivi, kwa hiyo hata kebo ya televisheni ya omu 75, ambayo kila duka la vifaa vya umeme inayo, inafaa. Redio nyingi zimeundwa kwa omu 50, lakini tofauti hiyo kwenye mawimbi mafupi na kwenye kebo ya mita 20 au 30 ni hasara ndogo mno. Ukipanda kwenye megahezi 144 mambo yanabadilika: kebo nyembamba inakula sehemu kubwa ya nguvu kabla haijafika juu, na hapo kebo nene inastahili bei yake.

Sasa urefu. Antena iliyolala sambamba na ardhi haitumi mawimbi yake peke yake. Ardhi iliyo chini yake huyarudisha, na yale ya moja kwa moja na yale yaliyorudi hukutana, mahali pengine yakisaidiana na mahali pengine yakiuana. Kinachoamua ni kimo cha antena kikilinganishwa na urefu wa wimbi. Antena ikiwa kwenye kimo cha robo ya wimbi, nguvu nyingi huelekea juu utosini. Ikiwa nusu ya wimbi, nguvu kubwa hutoka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka upeo wa macho. Ikiwa wimbi zima, pembe hushuka hadi nyuzi 14 hivi. Pembe ya chini hupiga mbali ionosfia, tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi, na kurudi mbali zaidi. Pembe ya utosini hurudi karibu.

Chukua hayo na mlingoti wa mita 10 au 11. Kwenye megahezi 7 kimo hicho ni robo ya wimbi, na antena inamimina nguvu zake utosini. Mtu aliyezoea vitabu vya Ulaya na Marekani ataambiwa hiyo ni antena mbaya. Kwetu ni hazina. Karibu na ikweta jua hupasha ionosfia kwa nguvu, na mchana masafa hayo yakirushwa juu kwa kawaida hurudi chini yote, yakifunika eneo lote la kilomita 400 au 500 bila kujali milima. Dodoma inasikika Arusha, Mombasa inasikika Nairobi, na Bukavu inazungumza na Kigali huku milima yote ya katikati ikiwa haina neno, kwa sababu wimbi linashuka kutoka juu kama mvua. Kwa mawasiliano ya dharura, barabara zikikatwa na mafuriko na minara ya simu ikizimika, hii ndiyo antena inayotakiwa, na mnara mrefu ungeiharibu.

Hama sasa uende megahezi 14 ukiwa na mlingoti uleule. Kimo kimekuwa nusu ya wimbi, na pembe ya nyuzi 30 inakufikisha Ghuba, Afrika Kusini na sehemu kubwa ya Ulaya. Nenda megahezi 28: kimo ni wimbi zima, pembe imeshuka hadi nyuzi 14, na jua likiwa katika miaka yake ya madoa mengi, Amerika na Japani ziko wazi. Mlingoti mmoja, masafa matatu, kazi tatu tofauti. Ndiyo sababu ya jina la makala haya.

Njia rahisi ya kuutumia ni kuinua katikati ya waya juu ya mlingoti na kuzishusha ncha mbili hadi kimo cha mita 3 au zaidi kutoka ardhini, pembe ya katikati isiwe chini ya nyuzi 90. Kinachotakiwa ni nguzo moja badala ya mbili, na waya zinasaidia kuishikilia. Ncha ziwe juu ya kimo cha mkono wa mtu mzima na wa mtoto aliyebebwa, maana hata redio ya wati 100 inaweka volti za kuunguza pale ncha inapoishia.

Kwa wakazi wa mwambao kuna njia nyingine ambayo haitangazwi vya kutosha. Maji ya chumvi hurudisha mawimbi vizuri kuliko udongo wowote. Antena ya wima ya robo wimbi, ambayo kwa megahezi 14 ni fimbo ya mita 5 tu, ikisimamishwa ufukweni na nyaya zake za chini zikitandazwa kuelekea maji, hutuma nguvu kwa pembe ya chini kabisa, ile ambayo mtu wa bara huigharimia mnara. Kijana wa Lamu, Bagamoyo au Makunduchi mwenye fimbo ya mita 5 kando ya maji anaweza kushindana na nyumba ya bara yenye mnara wa mita 20. Gharama yake ni kutu, nayo nitaifikia.

Haya hayamaanishi kwamba wapenda minara wamekosea. Kwa mawimbi yanayotoka kwa pembe za chini sana, kuongeza kimo mara mbili huongeza nguvu iendayo mbali hadi mara 4. Ni sawa na kubadilisha redio ya wati 100 kuwa ya wati 400, na faida hiyo inapatikana pia wakati wa kusikiliza, jambo ambalo wati haziwezi kukupa. Anayetafuta visiwa vya Pasifiki, anayeshiriki mashindano ya kimataifa, au anayetaka kuzungumza kwa megahezi 144 kutoka bonde moja hadi jingine, anahitaji kimo. Anahitaji pia antena inayoelekea upande mmoja. Ile ya fimbo nyingi ambayo wengi wanaijua kutoka kwenye mapaa ya televisheni ilibuniwa Japani katika Chuo Kikuu cha Tohoku, na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi waliandika habari zake mwaka 1926. Kwa megahezi 14 kila fimbo yake ina urefu wa mita 10 hivi, na kitu hicho chote kinatakiwa kizungushwe na mota juu ya mnara.

Wenye nyumba kwenye nyanda za juu wasikie pia habari ya Quito. Kituo cha redio cha HCJB, katika mji ulio juu ya mita 2,800 na karibu kabisa na ikweta, kilikuwa kikitumia antena ya namna ya Yagi mwanzoni mwa miaka ya 1940. Hewa ya huko ni nyepesi, na volti kubwa kwenye ncha za fimbo zilifyatua cheche zilizoyeyusha metali. Mhandisi wao, Clarence Moore, aliondoa ncha kabisa: akafunga waya kuwa mraba usio na mwanzo wala mwisho. Antena hiyo ya mraba bado inajengwa majumbani leo, na mikono yake ya kushikilia waya mara nyingi ilikuwa mianzi. Sijui kwa nini haijapendwa zaidi kwetu, kwenye nyanda ambako mianzi haina shida. Inaumbuka upesi kwenye upepo, ni kweli, lakini fundi wa kijiji anaweza kuitengeneza upya.

Upepo ndio unaotenganisha mlingoti na mnara. Msukumo wa upepo huongezeka kwa mraba wa kasi. Upepo wa kilomita 72 kwa saa hubonyeza kila mita ya mraba kwa uzito wa kilo 25 hivi. Ukifika kilomita 108 ni kilo 55 na zaidi. Kasi imeongezeka nusu, mzigo umepita maradufu. Mzigo huo ukiwa juu ya mita 20 unalivuta tako la mnara mara mbili ya ule ulio kwenye mita 10, na huko juu upepo wenyewe una kasi zaidi. Wapo wanaosema pwani yetu haina vimbunga. Unguja ilipigwa na kimbunga mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu na majahazi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia. Kwa bara hatari ya mara kwa mara ni ile dhoruba ya dakika 20 inayotangulia mvua ya radi, ambayo inatoka upande wowote na haisubiri utabiri.

Marconi mwenyewe, mwasisi wa redio, alilipia somo hili. Huko Poldhu, Cornwall, alisimamisha duara la milingoti 20 ya takriban mita 60 kila mmoja, na Septemba 1901 dhoruba ikaiangusha yote. Milingoti ilikuwa imefungamanishwa, mmoja ukishindwa unaivuta mingine. Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Desemba, alipokea ishara kutoka ng'ambo ya Atlantiki huko Newfoundland kwa waya ulioinuliwa na tiara.

Mnara mwembamba hausimami kwa nguvu ya chuma chake. Unasimama kwa nyaya za stei. Mlingoti mrefu kuliko yote duniani ulikuwa Konstantynów, Poland, mita 646, uliomalizika 1974. Ulianguka tarehe 8 Agosti 1991 wakati mafundi wakibadilisha nyaya zake za stei. Haukuangushwa na radi wala kimbunga. Ulianguka siku ya matengenezo, pale mvuto wa upande mmoja ulipopotea. Kila mwenye mlingoti wa bomba nyuma ya nyumba anapaswa kuijua habari hiyo, kwa sababu kanuni ni ileile: usilegeze stei yoyote kabla hujafunga nyingine ya muda mahali pake, na mtu asiwe juu wakati hilo linafanyika.

Stei ziwe pande tatu, zikigawana duara sawasawa, na nanga zake ziwe mbali na tako kwa theluthi mbili za kimo au zaidi. Ukizisogeza karibu, zinaacha kuzuia na kuanza kuusukuma mnara chini. Mkazo wa kawaida ni sehemu moja ya kumi ya uwezo wa waya kabla ya kukatika. Waya uliolegea unauacha mnara uchezecheze na kuchosha chuma, na uliokazwa kupita kiasi unaupinda. Stei za chuma zikatwe vipande kwa vihami vya umbo la yai, ili zisinyonye mawimbi ya antena. Kihami hicho kina sifa nzuri ambayo wengi hawaioni: vitanzi viwili vya waya hupita kimoja ndani ya kingine, kwa hiyo yai likipasuka, waya hazitengani na mnara haudondoki.

Katika kuchagua nguzo, fundi wa hapa ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Nguzo za miti zilizotiwa dawa, zile za kijani zinazobeba umeme vijijini, zinatoka kwenye misitu kama Sao Hill, Mufindi. Kanuni ya kuzichimbia ni sehemu ya kumi ya urefu ukiongeza sentimita 60. Nguzo ya mita 12 inaingia ardhini mita 1.8 na kukuachia mita 10.2 juu, urefu uleule tunaoutafuta, na isipobeba zaidi ya waya haihitaji hata stei nyingi. Usiikate upande unaoingia ardhini. Dawa haifiki kwenye moyo wa mti, na ukiufungua moyo huo umewakaribisha mchwa. Wanaotumia mabomba ya maji yenye zinki wajihadhari na maungio ya kusokota: pale meno ya skrubu yalipochongwa, ukuta wa bomba umebaki mwembamba, na hapo ndipo linapokatika. Bomba jembamba lichomekwe ndani ya bomba nene kwa nusu mita na kufungwa kwa bolti mbili. Na mwenye mnazi au mwembe mrefu uwanjani ana mnara tayari. Upitishe kamba kwenye kapi na kuifungia ndoo ya mawe upande wa pili. Mti ukiyumba ndoo inapanda na kushuka, waya haukatiki.

Kisha yanakuja yale ambayo bei ya dukani haiyataji. Nasema wazi kwamba mnara ni mkopo, na marejesho yake ni kazi ya mikono kila mwaka. Jua letu linaua kamba. Zile kamba za plastiki za rangi zinazouzwa kila soko hukauka na kupukutika zikikaa juu, na hazitoi dalili mpaka siku zinapokatika. Kamba ya poliesta inadumu zaidi. Ya nailoni inavutika ikilowa. Waya wa shaba laini wa kufungia nyumba nao hurefuka polepole kwa uzito wake, na masafa ya antena yanateleza chini. Afadhali uuvute kwa nguvu kabla ya kuupima na kuukata.

Maji huingia kwenye kebo kutoka juu, kwenye kiungo, na hushuka ndani ya msuko wa shaba kwa mita nyingi. Kebo iliyokunywa maji haiponi. Kiungo kifungwe kwa mpira unaojishika wenyewe, juu yake utepe wa plastiki wa kuzuia jua, na kebo ifanye kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia nyumbani ili maji yadondokee nje. Mwambaoni chumvi inakula kila mahali metali mbili tofauti zinapogusana. Shaba juu ya alumini haimalizi miaka mingi. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu na grisi ya umeme, na suuza vihami kwa maji baridi kaskazi inapokuwa kavu na ukungu wa chumvi umekauka juu yake. Dar es Salaam, Unguja na Mombasa kuna adui mwingine, kunguru wa Kihindi, anayejenga kiota chake kwa vipande vya waya na anayependa sana mkono wa antena. Kiota kikilowa kinaunganisha visivyotakiwa kuunganishwa.

Kwa mnara wa chuma, kutu ya hatari haionekani kwa mbali. Inaanzia pale chuma kinapoingia kwenye zege, ambapo maji yanatuama, na ndani ya miguu ya mabomba ambayo maji hayana pa kutokea. Zege liinuliwe juu ya usawa wa ardhi na kuchongwa mteremko, na miguu ya bomba ikae juu ya kokoto ili ivuje. Gonga kila mguu kwa nyundo ndogo na usikilize. Andika kwenye daftari vipimo vya mawimbi yanayorudi kwa kila masafa siku antena ilipopandishwa. Vikibadilika bila wewe kugusa kitu, kuna kiungo kimekufa, na umekijua kabla ya redio kuungua.

Radi inastahili nafasi yake. Utafiti wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, Kivu ya Kusini, ya kwanza Afrika na ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa mimweso zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ukanda wa Ziwa Viktoria nao unajulikana kwa dhoruba za usiku. Anayejenga mlingoti Bukoba, Kisumu au Bukavu asidhani atafuata vitabu vilivyoandikwa kwa nchi zenye radi chache.

Fimbo moja ya ethi haitoshi. Radi ya kawaida hubeba ampea 30,000 hivi, na umeme huo unatafuta njia zote kwa wakati mmoja. Kinachookoa nyumba ni fimbo kadhaa chini ya mnara, kila moja mbali na mwenzake kwa mara mbili ya urefu wake, zote zikiunganishwa pamoja na pia na ethi ya mita ya umeme. Watu wengi huacha hilo la mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote: ethi mbili zisizounganishwa huwa na volti tofauti radi ikipiga, na redio iliyoshika zote mbili ndiyo inayokuwa daraja. Waya wa ethi upite moja kwa moja, mikunjo yake iwe ya taratibu. Udongo wa matumbawe na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo mwambao unahitaji fimbo nyingi au waya mrefu uliozikwa. Tatizo letu jingine ni wizi wa shaba. Mita 20 za waya wa shaba uliofunuliwa hazilali siku nyingi. Ukanda wa chuma chenye zinki, mnene na uliozikwa, hauna soko kubwa na unafanya kazi. Na kebo zichomolewe na kuwekwa nje ya ukuta unapotoka nyumbani au unapoenda kulala msimu wa mvua. Usisubiri ngurumo, kwa sababu aliyeshika kebo wakati radi ipo karibu amejiweka yeye mwenyewe mahali pa fimbo.

Watu hufa kwa minara kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni waya wa umeme wa shirika. Mlingoti usisimamishwe mahali ambapo ukianguka upande wowote unaweza kuugusa, na umbali wa mara moja na nusu ya kimo ndio wa kuanzia. Bomba la mita 10 mikononi mwa vijana watatu linaloponyoka na kuegemea waya wa volti elfu 11 au 33 linaua wote waliolishika. Ya pili ni kuanguka. Mkanda wa kiunoni pekee umepitwa na wakati, maana ukining'inia nao unakata pumzi. Inahitajika hanesi ya mwili mzima yenye kamba mbili, moja ikibaki imefungwa kila wakati unapohamisha nyingine, na mtu wa chini mwenye kofia ngumu anayejua namna ya kukushusha ukizimia. Nimeona vijana wanaopandisha minara ya simu wakiwa na vifaa vyote hivyo, na mafundi wa majumbani wakipanda na ndala. Hakuna mazungumzo ya mbali yanayostahili hilo.

Sheria nitaipitia kwa haraka. Leseni ya TCRA kwa Tanzania, ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, au ya UCC kwa Uganda inakuruhusu kurusha mawimbi. Haikupi kibali cha ujenzi. Kwa mnara wa kudumu zungumza na halmashauri, na ukiwa karibu na uwanja wa ndege, na mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kuchimba msingi. Waswahili waliohamia Marekani wanakuta hali ya kushangaza: tangu 1985 tamko la tume ya mawasiliano linalojulikana kama PRB-1 linazitaka serikali za mitaa ziwape nafasi ya kutosha wenye leseni, lakini haligusi mikataba ya binafsi ya vyama vya wenye nyumba, na mitaa mingi mipya iko chini ya mikataba hiyo. Huko wengi huficha waya darini au ndani ya mlingoti wa bendera. Kwetu mkataba wa kweli ni jirani. Mwonyeshe antena kabla haijapanda, mweleze kwamba si mnara wa simu, na mwambie akuite televisheni au spika yake ikisumbuka.

Kabla ya kuamua kwamba antena yako ni fupi, hakikisha kinachokuzuia si kelele. Inveta za sola, taa za LED za bei nafuu na chaja hujaza mawimbi mafupi mlio usiokwisha, na mnara hauziondoi. Zima umeme wa nyumba nzima, washa redio kwa betri na usikilize tofauti. Kisha fungua megahezi 14.100. Hapo vituo 18 vya mradi wa kimataifa wa vinara vya redio, kimoja kikiwa Kenya kwa jina 5Z4B, hupokezana kwa sekunde 10 kila kimoja na kurudia kila dakika 3. Kila kituo huanza na wati 100 kisha 10, 1, na mwisho sehemu ya kumi ya wati. Ukisikia wati moja kutoka bara jingine, antena yako haina ugonjwa.

Na kuna njia ambayo haihitaji kimo chochote. Setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba kirudishio cha redio ya ridhaa kiitwacho QO-100. Imetulia juu ya ikweta kwenye nyuzi 25.9 mashariki, karibu na anga la Kisangani, na inaona kuanzia Brazili hadi Thailand, Afrika yote ikiwemo. Unaipelekea kwa gigahezi 2.4 na kuisikiliza kwa 10.489. Sahani ya televisheni ya sentimita 90 inatosha. Kutoka Dar es Salaam iko nyuzi 72 juu ya upeo, kutoka Nairobi 77, kutoka Kigali karibu 85, na mtu wa Kisangani anaielekeza utosini. Sahani ya duara kamili ikiinuliwa hivyo hulala chali na kujaa maji ya mvua, kwa hiyo toboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa. Inakaa kwenye ua, nusu mita kutoka ardhini, na hakuna anayepanda popote.

Baada ya haya yote, mnara wa mita 20 na zaidi wenye antena ya kuzunguka una mahali pake, na kwa maoni yangu mahali hapo ni klabu kuliko nyumba. Vyama vyetu vya redio ya ridhaa vina wanachama wachache. Wachache hao wakiweka mnara mmoja kwenye uwanja wa chuo cha ufundi au sekondari yenye eneo kubwa, gharama za stei, ethi na ukaguzi zinagawanyika, mwanafunzi anajifunza hesabu ya upepo kwa chuma halisi, na wakati wa mafuriko kuna kituo kimoja ambacho mkoa mzima unajua kiko wapi. Majumbani zibaki nguzo za mita 10 na waya. Na fungu la kwanza la klabu hiyo litumike kununua hanesi mbili, kamba na kofia ngumu, kabla hakijanunuliwa kipande chochote cha mnara.